Nani Mwenye Ziwa

Mtaro wa Nakivubo unakusanya majitaka ya katikati ya Kampala, unapita kando ya masoko, gereji na viwanda, kisha unayamwaga katika kinamasi cha mafunjo kilicho kati ya Bugolobi na Luzira. Maji yakishachujwa na mafunjo yanaingia Ghuba ya Murchison, penye bandari ya Port Bell. Kwenye ghuba hiyohiyo, upande wa Ggaba, mitambo inavuta maji ya kunywa ya mji. Kampala inakunywa palepale inapomwaga, na kati ya uchafu na bomba kuna mafunjo, ambayo yamekuwa yakipungua mwaka hadi mwaka huku kinamasi kikigeuzwa viwanja, maghala na mashamba ya magimbi. Faida ya kila kiwanja ina mwenyewe. Hasara ya mafunjo wanagawana wote wenye kiu.

Anayeuliza kama fikra ya kikomunisti bado ina kazi katika falsafa ya leo, namwomba aanzie kwenye ghuba hii. Ukomunisti tunaujua zaidi kama jina la dola zilizokufa. Ukuta wa Berlin ulianguka 1989, Umoja wa Kisovieti ukavunjika 1991, na vyama vya Afrika vilivyojiita vya kimapinduzi vikabadili msamiati upesi. Lakini kabla ya kuwa dola, ukomunisti ulikuwa swali: kitu ambacho wote wanaishi kwacho ni cha nani, na nani aamue kitumiwe vipi? Dola zikianguka swali linabaki, kwa sababu walioliuliza hawakulitunga, walilikuta maishani.

Karl Marx alilikuta msituni. Mwaka 1842, akiwa kijana wa miaka 24 katika gazeti la Rheinische Zeitung mjini Cologne, aliandika kuhusu mjadala wa bunge la jimbo la Rhine juu ya wizi wa kuni. Tangu enzi za mababu maskini walikuwa wakiokota matawi makavu yaliyoanguka. Sasa wenye misitu walitaka kuokota kuhesabiwe wizi, tena walitaka faini iingie mifukoni mwao. Marx, aliyekuwa amezama katika falsafa ya Hegel, alikutana na jambo ambalo vitabu vyake havikumwandaa kulieleza: sheria inayojitangaza kuwa ya wote ilikuwa imechukua upande wa mwenye msitu. Miaka 17 baadaye aliandika kwamba kisa kile kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kwa mara ya kwanza kujifunza uchumi.

Mvuvi wa Nnalubaale, yaani Ziwa Victoria, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia kisa hicho. Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilianza kusimamia uvuvi katika maziwa ya Uganda. Mashua fupi kuliko futi 28 zimekamatwa na kuchomwa, pamoja na makokoro na nyavu zenye matundu madogo. Anayekutwa na sangara aliye chini ya sentimita 50 ni mkosaji. Sababu ya kuanzia ilikuwa ya kweli: samaki walikuwa wanakwisha, na viwanda vya minofu vilikuwa vinakosa malighafi. Lakini tazama sheria hiyo inamwangukia nani. Mwenye mtaji ananunua mashua ndefu, injini yenye nguvu na nyavu halali, kisha anarudi majini. Aliyekuwa na mtumbwi mdogo wa kulisha nyumba yake anabaki ufukoni, au anakwenda kuwa baria katika mashua ya mwingine. Sheria ya kulinda samaki imekuwa, bila kuandikwa hivyo, sheria ya kuwachuja wavuvi.

Samaki mwenyewe ana historia ya aina hiyo. Sangara aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Aina nyingi za samaki wadogo wa asili zilitoweka, na wale nkejje ambao akina mama wa Buganda waliwapa watoto wenye surua wakawa adimu. Kisha vikaja viwanda. Minofu husafirishwa Ulaya ikiwa kwenye barafu, mabondo huuzwa China kwa bei ambayo mvuvi huisikia tu, na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyobakiwa na nyama kidogo, hukaangwa kando ya barabara kwa wenyeji. Samaki mmoja anagawanywa kwa kadiri ya uwezo wa mlaji wa kulipa, na aliyekesha majini kumtafuta yumo katika kundi la mwisho. Hakuna aliyemwibia mtu. Kila mmoja amenunua na kuuza kwa bei ya siku hiyo. Hapo ndipo fikra ya Marx ina nguvu kuliko lawama za kawaida za rushwa na uchoyo: inatufundisha kuona dhuluma inayoweza kutendeka hata pale ambapo kila mkono unaohusika ni safi.

Bandari nayo ilizaliwa katika mpango kama huo. Ina jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza kati ya 1906 na 1909, miaka ambayo pamba ilikuwa inageuzwa kuwa zao la nchi. Kabla yake, Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa umefanya mambo mawili kwa pamoja. Uliwagawia machifu na wakubwa wengine maili za mraba 8,000 za ardhi, ziwe mali yao ya kurithisha na kuuza. Na uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka. Mkulima aliyekuwa amekaa kwenye ardhi kwa uhusiano wa ukoo na utii akawa mpangaji anayehitaji fedha, na fedha ilipatikana kwa kulima pamba au kwa kuuza jasho. Pamba ikashuka Port Bell, ikapakiwa melini kwenda Kisumu, ikafuata reli hadi Mombasa.

Sehemu ya mwisho ya juzuu la kwanza la Das Kapital, la 1867, inaeleza jinsi wakulima wa Uingereza walivyotenganishwa na ardhi hadi wakabaki na mikono yao tu. Buganda haikupita njia ileile. Mkulima hakufukuzwa kwa wingi, na sheria ya 1928 ya busulu na nvujjo, yaani kodi ya ardhi na ushuru wa mazao, ilipunguza makali ya madai ya mwenye ardhi. Hata hivyo saini moja ilikuwa imegeuza ardhi kuwa bidhaa, na kodi ilikuwa imefanya kazi ya ujira kuwa lazima. Matokeo yake yalionekana Januari 1945, mgomo ulipoenea kutoka Kampala hadi miji mingine, vibarua na wafanyakazi wa serikali wakidai ujira unaolingana na bei za wakati wa vita. Dai hilo halijapata jibu hadi leo. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, na rais akakataa kuutia saini.

Rais huyo, Yoweri Museveni, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya 1967 na 1970, akaongoza umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliojulikana kama USARF. Umoja huo ulikuwa na jarida, Cheche, na humo mwaka 1970 Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya ndani ya Tanzania. Mwaka huohuo Cheche likapigwa marufuku. Walter Rodney, aliyekuwa mwalimu chuoni hapo, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika mwaka 1972. Waganda Mahmood Mamdani na Dani Nabudere, waliofundisha Dar, waliandika juu ya tabaka, dola na ubeberu katika miaka hiyohiyo. Hii ilikuwa falsafa iliyofanywa hapa kwetu, kwa hoja na ugomvi wa wazi, wakati ambapo nchi zilikuwa bado changa kiasi cha kuweza kuchagua.

Kwamba mmoja wa vijana wa Cheche alikuja kuwa mtawala aliyefungulia milango masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1987 ni jambo la kufikiriwa kwa utulivu. Wengi wanalitaja kama uthibitisho kwamba ukomunisti ni homa ya ujana. Mimi naliona tofauti. Fikra haimpi msomaji wake kinga dhidi ya cheo, na Marx angekuwa wa kwanza kusema hivyo, kwa kuwa alifundisha kwamba mtu huona dunia kutoka mahali alipoketi. Kwa hiyo uhai wa fikra hiyo haupimwi kwa wale walioisoma zamani wakaondoka. Unapimwa kwa wale ambao hali yao inaihitaji leo, wawe wameisoma au la.

Katika Ulaya mazungumzo haya yalifufuka kwa kishindo mwaka 2009. Mnamo Machi wanafalsafa walikusanyika London, Alain Badiou na Slavoj Žižek wakiwa mstari wa mbele, kujadili wazo la ukomunisti. Badiou aliuita ukomunisti dhana ya kuthibitishwa: kwamba utii wa tabaka moja kwa jingine si amri ya milele, na kwamba majaribio yaliyoshindwa hayaifuti dhana hiyo, kama vile majaribio yaliyoshindwa ya wanahisabati kwa karne nyingi hayakuifuta kanuni ya Fermat. Hoja hiyo ina ujasiri, na katika miaka ya mgogoro wa benki iliwarudishia wengi sauti. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipokea nzima. Mwanahisabati akikosea huchana karatasi. Ethiopia ya 1977 na 1978 ilizika vijana waliouawa kwa jina la mapinduzi. Wanavijiji wa Tanzania walihamishwa kwa nguvu kati ya 1973 na 1976, wengine wakiziacha nyumba na mazao yao, ili waishi kijamaa. Dhana ambayo gharama ya kuijaribu wanailipa watu wasioulizwa haiwezi kupewa subira ya hisabati.

Ndiyo maana napata msaada zaidi kwa Kohei Saito wa Japani, ambaye kitabu chake cha 2020 kuhusu mtaji na mabadiliko ya tabianchi kiliuza nakala laki kadhaa nchini mwake. Saito alirudi kwenye madaftari ya uzeeni ya Marx, yaliyojaa maelezo ya kemia, misitu na udongo. Kwa mwanakemia Justus von Liebig, Marx alikuwa amejifunza kwamba mazao yanapokwenda mjini yanaondoka na rutuba ya shamba, na rutuba hiyo hairudi. London ya wakati wake ilikuwa inatupa katika mto Thames kinyesi cha mamilioni ya watu, huku wakulima wakinunua mbolea kutoka mbali. Saito na wenzake wanauita huo mpasuko katika mzunguko kati ya binadamu na ardhi, na wanasema ubepari hauwezi kuuziba kwa sababu unahesabu kile tu kinachouzwa.

Port Bell ndipo mpasuko huo unaponusika. Matoke yanaingia Kampala kwa malori kutoka Masaka na Mbarara, yakiwa yamebeba potasiamu na naitrojeni ya vilima vile. Maganda yanalundikana sokoni, kinyesi kinafuata mitaro, na kile ambacho kingerudi kulisha mgomba kinalisha mwani na magugumaji kwenye ghuba. Maji yanageuka kijani, samaki wanakosa hewa, na kusafisha maji ya Ggaba kunazidi kuwa ghali. Mkulima wa Masaka ananunua mbolea ya dukani na mnywaji wa Kampala analipa bili ya juu zaidi, ingawa rutuba iliyokosekana kule ndiyo uchafu uliozidi huku. Soko halijawahi kuunganisha hesabu hizi mbili kwa kuwa hakuna anayeuza muungano wao. Kuziunganisha ni kazi ya watu waliokaa pamoja wakaamua, na uamuzi wa namna hiyo ni jambo ambalo fikra ya kikomunisti imelitetea kwa muda mrefu kuliko fikra nyingine yoyote ya kisasa.

Lakini nani akae, nani aamue? Jibu la kizazi cha uhuru lilikuwa dola. Mei Mosi 1970, kwenye uwanja wa Nakivubo ulio kando ya mtaro nilioutaja, Milton Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Azimio la Mwananchi wa Kawaida. Na Oktoba 1968, Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, pamoja na mwanasheria Abu Mayanja walitiwa kizuizini kwa sababu ya maandishi ya kuikosoa serikali. Luzira, gereza kuu la nchi, liko mwendo mfupi kutoka gati la Port Bell. Utawala uliofunga watu kwa sababu ya barua jaridani ulikuwa unaandaa kumkabidhi mwananchi wa kawaida mali ya nchi. Mali hiyo isingemfikia. Ilikuwa inahama kutoka kwa mwenye kampuni kwenda kwa mwenye ofisi, na Januari 1971 mwenye bunduki akazichukua zote mbili.

Shivji alikuwa ameliona jambo hili upande wa Tanzania: kutaifisha njia kuu za uchumi kulizaa tabaka la wakubwa wa urasimu waliozishika kwa niaba ya umma usiokuwa na njia ya kuwawajibisha. Mwanamapinduzi wa Zanzibar Abdulrahman Babu, aliyekaa kizuizini kuanzia 1972 hadi 1978 bila uhuru wa kujibu, alitoka na hoja ileile ikiwa imepevuka. Mwalimu Nyerere, katika insha yake ya 1962 juu ya ujamaa, alikuwa amejenga juu ya imani kwamba jamii ya Kiafrika ya jadi haikuwa na matabaka, hivyo ujamaa ungekuwa kurudi kwenye familia tuliyokuwa nayo. Babu aliona hatari hapo. Ukisema sote ni ndugu, mwenye kuumia anakosa hata jina la kuliitia jeraha lake.

Mzozo huo wa Nyerere na Babu haujapitwa na wakati, na mialo ya Uganda imeuonyesha upya. Kanuni za mwaka 2003 zilianzisha kamati za usimamizi wa fukwe, zijulikanazo kama BMU. Kila mwalo ulichagua kamati yake, na kanuni ziliwapa nafasi wenye mashua, mabaria, wachuuzi na wachakataji, wanawake wakiwemo. Kwa maneno ya Michael Hardt na Antonio Negri, ambao katika kitabu chao cha 2009 walitenganisha mali ya mtu, mali ya serikali na mali ya pamoja, kamati hizi zilikuwa jaribio la hilo la tatu: ziwa linalosimamiwa na wanaoishi kwalo. Novemba 2015, kampeni za uchaguzi zikiwa zimepamba moto, rais alizisimamisha. Miaka miwili baadaye wakaja wanajeshi.

Kamati hizo zilikuwa na kasoro kubwa. Nyingi ziliwafumbia macho wenye makokoro, nyingine zilikula rushwa. Mabaria walikuwa na viti, lakini ni vigumu kumpinga kikaoni mtu ambaye alfajiri ndiye anayeamua kama utapanda mashua yake. Hapa wanaosifu jamii kwa jumla, wakidhani inatosha kuurudisha usimamizi kwa wenyeji, wanahitaji ukali wa Marx. Ndani ya neno "wenyeji" kuna mwenye injini tano na kuna asiye na koti la mvua. Mgawo wa mauzo kati ya mwenye mashua na mabaria baada ya kutoa mafuta ndio katiba halisi ya mwalo, na kamati isiyoweza kuugusa mgawo huo inatawala juujuu.

Silvia Federici, aliyewahi kufundisha Nigeria katika miaka ya 1980, anaongeza kitu ambacho Marx alikipa nafasi ndogo mno: kazi isiyolipwa ya wanawake inayowawezesha wengine kwenda kazini. Kwenye mwalo kazi hiyo iko wazi. Wanawake wanaanika dagaa, wanakaanga, wanapika, wanalea watoto wa walio majini, lakini mashua kwa kawaida si zao, na katika baadhi ya fukwe anayetaka samaki wa kuuza hudaiwa mwili wake kwanza. Nduru, upande wa Kenya, mwaka 2011 wanawake walianza kumiliki mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume kuvua, ili waondokane na biashara hiyo ya aibu. Umiliki uliwapa uwezo wa kukataa. Kwangu mimi hiyo ni hoja nzito ya kifalsafa kuliko nyingi zilizotolewa London, kwa sababu inaonyesha kwamba mali ya pamoja ina thamani pale tu inapompa mnyonge nguvu ya kusema hapana na bado akala jioni.

Somo la karne iliyopita linaelekea hukohuko. Soko linamwambia baria yuko huru, lakini akikataa analala njaa. Dola zilizojiita za kikomunisti zilimwambia ziwa ni lake, lakini akikataa anafungwa. Kinachobaki hai katika fikra hii, na kinachostahili kufundishwa Makerere na Dar kwa bidii ya wakati wa Cheche, ni dai la kuyaondoa masharti hayo mawili kwa pamoja.

Dai hilo lina sura ya kawaida kabisa. Kamati za mialo zirudishwe kwa uchaguzi, na mabaria wawe na wingi wa kura kwa sababu wao ndio wengi majini. Daftari la mapato ya mwalo lisomwe hadharani, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mgawo wa mashua ujadiliwe kama mshahara wowote, na kima cha chini cha mshahara kilichokwama tangu 1984 kipandishwe. Kinamasi cha Nakivubo kihesabiwe kuwa mtambo wa maji wa mji na kilindwe hivyo, huku wanaolima magimbi mle wakipewa riziki nyingine kabla ya kuondolewa. Serikali inaweza kuyafanya haya bila kutamka neno ukomunisti, na wananchi wanaweza kuyadai bila kumsoma Marx. Lakini itakapoulizwa kwa nini mwenye mashua asiwe na kauli ya mwisho, au kwa nini ghuba isiuzwe kipande kwa kipande kwa anayelipa zaidi, tutahitaji hoja zenye mizizi. Hoja hizo zipo, zimelipiwa gharama kubwa na watu wa kwetu, na ni wajibu wetu kuzitumia.